Kwa Nini Tunaunda Vikundi: Somo Kutoka Wiyoni

Ukimuuliza mkazi wa Wiyoni yumo katika vikundi vingapi, huenda akajibu kimoja tu, kile chenye cheti. Keti naye kidogo mhesabu pamoja. Kuna msikiti anaoswali, mchezo wa kila Ijumaa, chombo anachovulia, wenzake wa madrasa, timu ya mpira, baraza anayoketi baada ya alasiri, na watu ambao wazee wao walitoka kisiwa kimoja na wazee wake. Ukichanganya na jamaa wa harusini na matangani, hesabu hukaribia kumi.

Jambo hili linatuhusu kama kaunti kwa sababu fedha nyingi za umma siku hizi hupitia kwa kikundi. Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na mikopo ya kikundi ya Hazina ya Biashara ya Wanawake hufuata njia hiyo hiyo. Kwa hivyo mtu asiye na kikundi hukosa zaidi ya wenzake wa kuongea nao.

Lakini si kila mkusanyiko ni kikundi. Abiria wa boti ya kutoka Mokowe hukaa bega kwa bega, na wakifika jeti ya Lamu kila mmoja huenda zake. Boti hiyo hiyo ikizima injini katikati ya mkondo, baada ya dakika tano utaona mmoja anateka maji, mwingine anapiga simu, wa tatu amempakata mtoto asiye wake. Shida imewapa kazi moja, na kila mmoja ana nafasi yake. Kikundi huanza hapo, na hudumu pale ambapo mmoja asipokuja, wenzake huuliza yuko wapi.

Mfano mzuri zaidi ni mchezo, ambao bara huitwa chama. Tuseme wanawake 12 wa mtaa mmoja wanatoa shilingi 500 kila wiki. Kila wiki mmoja hupokea shilingi 6,000, na baada ya wiki 12 kila mtu ametoa 6,000 na kupokea 6,000. Hakuna aliyepata faida, basi kwa nini wajisumbue?

Angalia zamu. Anayepokea wiki ya kwanza ametoa 500 yake tu, kwa hivyo wenzake wamemkopesha 5,500 bila riba, na kwa Waislamu wengi wa mji huu hilo la riba si dogo. Anayepokea mwisho amejiwekea akiba ambayo peke yake angeila kidogo kidogo. Zamu hupangwa kwa kura, lakini mtoto akilazwa hospitali, mwenye zamu humpisha mwenzake. Hakuna mkataba wala wakili. Dhamana yao ni kujuana: aliyepokea mapema kisha akakimbia atakutana na wenzake kwenye uchochoro ule ule kesho asubuhi, na siku ya harusi ya binti yake hakuna atakayekuja kupika.

Baharini sababu ni nyingine kidogo. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na vyombo vidogo hushindwa kutoka nje ya miamba. Mapato ya mvuvi hupanda na kushuka kuliko mshahara wowote. Ndiyo maana mapato ya samaki hugawanywa kwa mafungu, la chombo, la nyavu na la mabaharia, badala ya kila baharia kulipwa ujira wa kudumu: siku mbaya haimwangushi mmoja peke yake. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliuita mshikamano wa namna hii asabiya, na aliona huwa na nguvu zaidi kwa watu wa maisha magumu kuliko kwa waliozoea starehe. Nadhani manahodha wetu wangekubaliana naye.

Sasa upande ambao hatupendi kuutaja. Kila kikundi kikisema "sisi", papo hapo kimetaja "wao". Lamu inajua hilo vyema: Mkomani na Langoni zilishindana kwa ngoma tangu zamani, na ilipokuja beni pia. Mombasa, vyama vya lelemama vya wanawake kama Banu Saada na Ibinaal Watan vilishindana kwa mavazi na karamu hadi watu wakalaumu gharama zake. Hata hivyo, ndani ya ushindani ule wanawake walijifunza kuchagua viongozi, kukusanya fedha na kutunza siri za chama, na baadaye baadhi yao wakatumia ujuzi huo katika vyama vya maendeleo ya wanawake.

Hasara kubwa zaidi humpata anayeachwa nje. Mpangaji aliyehamia juzi hana wa kumdhamini kwenye mchezo. Baharia asiye na chombo hukuta tayari wenye vyombo wameshakubaliana. Umoja wa usimamizi wa fuo, ule tunaouita BMU, uliwekewa kanuni mwaka 2007 na unatakiwa uwajumuishe wenye vyombo, mabaharia na wachuuzi wa samaki pia. Jina kuwa kwenye daftari lile si jambo la karatasi tu. Mwaka 2012 wakazi walikwenda mahakamani kuhusu ujenzi wa bandari ya Lamu, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mtu mmoja mwenye mtumbwi asingeweza kuibeba kesi ile. Na fidia ya namna hiyo ikija, swali la kwanza huwa: mvuvi ni nani, na ni nani anayemtambua?

Kuhusu usajili, wengi huja kwetu kimakosa. Kifungu cha 36 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama, wala mchezo wa majirani hauhitaji cheti ili uendelee. Lakini kikundi kinachotaka kuomba mkopo au zabuni kinahitaji kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022. Kazi hiyo ni ya serikali ya kitaifa, kupitia afisa wa Maendeleo ya Jamii, si ya ofisi ya gavana. Wanachama wasipungue kumi. Nendeni na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho na sahihi, na kumbukumbu za mkutano mlioamua kujisajili.

Ushauri wangu, kwa niliyoyaona: msikimbilie cheti kabla ya kazi. Vikundi vinavyoundwa wiki ambayo fedha zimetangazwa mara nyingi huvunjika wiki ambayo fedha zimefika, kwa kuwa wanachama hawajawahi kupishana zamu hata mara moja. Anzeni na mchezo wa shilingi 100. Andikeni kwenye daftari la shule nani katoa na nani kapokea, na mpokezane kazi ya kulitunza. Mkifika mzunguko wa pili bila ugomvi, hapo mwenyekiti, katibu na mweka hazina mtakuwa mmeshawajua, na kabla hamjafunga orodha, muulizeni yule mpangaji wa nyumba ya tatu kama angependa kuingia.