Chumba cha Mafumbo: Historia ya Almasi na Dhahabu Darasani

Kitendawili ni chombo kikongwe cha elimu. Mmoja hutega, wenzake hutegua, na anayeshindwa hutoa mji ndipo apewe jawabu. Mchezo wa chumba cha mafumbo, ulioanza kuchezwa mjini Kyoto, Japani, mwaka 2007, umejengwa juu ya wazo lilo hilo: kundi hufumbua mafumbo yanayofuatana, na kila jawabu hufungua kufuli moja hadi mlango wa mwisho. Makala hii inaeleza namna ambavyo shule ya sekondari inaweza kuutumia mchezo huo kuunganisha masomo manne, kwa kufuata historia ya madini ya Shinyanga na Geita.

Vifaa

Zinahitajika bahasha nne kwa kila kundi la wanafunzi watano, sanduku moja na saa ya ukutani. Kufuli si lazima: kundi likimletea mwalimu namba sahihi ya tarakimu tatu, hupewa bahasha inayofuata. Kundi likitaka msaada, litoe mji, yaani likatwe dakika tano. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha. Mlango wa darasa usifungwe kwa ufunguo.

Bahasha ya kwanza: Historia

Ndani yake mna kadi tatu zilizochanganywa: uhuru wa Tanganyika (1961), kupatikana kwa almasi ya waridi huko Mwadui (1947), na kugunduliwa kwa mwamba wa almasi wa Mwadui na mwanajiolojia John Williamson kutoka Kanada (1940). Wanafunzi wazipange kwa mfuatano na kuhesabu miaka iliyopita kati ya kadi moja na nyingine. Ni miaka 7, kisha miaka 14. Namba ni 714.

Bahasha ya pili: Hisabati

Almasi ile ya waridi ilikuwa na karati 54.5 ilipotoka ardhini, na karati 23.6 baada ya kuchongwa. Karati moja ni gramu 0.2. Je, ni gramu ngapi zilizopotea katika uchongaji? Tofauti ni karati 30.9, ambazo ni gramu 6.18. Namba ni 618. Mwanafunzi hutambua hapa kwamba zaidi ya nusu ya jiwe ilipotea ili nusu iliyobaki ing'ae.

Bahasha ya tatu: Fizikia

Jiwe la manjano linalong'aa lina tungamo la gramu 100. Likitumbukizwa katika chombo chenye maji, maji hupanda kutoka sentimita za ujazo 50 hadi 70. Jedwali linaonyesha msongamano wa madini matatu, kwa gramu katika kila sentimita ya ujazo: kwatzi 2.65, pairiti 5.0, dhahabu 19.3. Gramu 100 zikigawanywa kwa 20 hutoa 5.0, kwa hiyo jiwe ni pairiti, ile iitwayo dhahabu ya wajinga. Dhahabu safi ya ukubwa huo ingekuwa na gramu ngapi? Ishirini mara 19.3 ni 386, na hiyo ndiyo namba. Mwalimu mwenye mizani awape wanafunzi mawe ya kawaida wayapime kwa njia hiyo, naye akubali majibu yanayokaribiana, kwa kuwa hakuna kipimo kisicho na kosa dogo.

Bahasha ya nne: Kemia

Wachimbaji wadogo wengi hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko huo. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Ni kipi kinachotangulia kutoka, na kwa nyuzi ngapi? Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu ikabaki. Namba ni 357. Lakini mvuke haupotei: huvutwa na aliye karibu, na hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, hasa kwa watoto na mimba. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi ya zebaki migodini. Zebaki halisi isiletwe darasani kabisa.

Ndani ya sanduku

Sanduku lisiwe na zawadi, bali swali lisilo na namba. Almasi ya waridi ilitolewa kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza mwaka 1947. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Je, utajiri wa ardhi unapotoka, nini kinabaki kwa wanaoishi juu yake?

Mjadala huu ndio kiini cha somo, nao utengewe nusu saa. Mchezo bila mjadala huacha kumbukumbu ya furaha tu. Mwanafunzi wa Geita au Kahama anayeweza kupima jiwe kabla ya kulinunua, na kumwonya ndugu yake asichomee zebaki jikoni, amepata ufunguo ambao mtihani peke yake haumpi.

Zoezi

1. Tungeni bahasha ya tano kwa somo la Jiografia, mkitumia ramani ya Ziwa Viktoria.
2. Kipande chenye gramu 77.2 kimepandisha maji kwa sentimita 4 za ujazo. Je, ni dhahabu? Toeni sababu.