Kabla ya Kufukia: Tiba ya Taka za Viwanda Mokambo

Taka hatarishi haihesabiwi kuwa imeondolewa kwa sababu tu imefunikwa udongo. Hutakiwa kutibiwa kwanza, hadi maji yatakayopenya ndani yake yasitoke na sumu. Kanuni hii ina uzito wa pekee Mokambo, mpakani mwa Haut-Katanga na Zambia. Katika ukanda huu shaba na kobalti huyeyushwa kwa asidi ya salfa, na mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka hunyesha karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Ng'ambo ya mpaka, Mufulira, tarehe 25 Septemba 1970, tope la mabaki lililorundikwa juu ya mgodi lilimiminika ndani na kuua wachimbaji 89. Kilichoua ni tope lenyewe, si sumu. Hata hivyo lilidhaniwa limetulia.

Tiba hufuata aina ya taka. Tope la asidi hutiwa chokaa ili ukali upungue na metali zigande. Hapa ndipo ujuzi unapodaiwa, maana metali hazigandi kwa pamoja. Shaba hutangulia, kobalti husubiri pH ikaribie 9, na manganizi huhitaji zaidi ya hapo. Risasi ikizidishiwa chokaa huyeyuka upya. Aseniki ni ngumu zaidi: ikifungwa kwa chokaa pekee, hewa ya ukaa huifungua polepole, hivyo hufungwa kwa chumvi za chuma. Kumwaga chokaa kwa kukadiria kwa macho, hata zamu inapoelemewa, si tiba.

Kinachoamua ni kipimo. Nchini Marekani, ambako sheria ya 1984 ilizuia kufukia taka hatarishi zisizotibiwa, sampuli hutikiswa kwa saa 18 katika kimiminika cha asidi hafifu chenye uzito mara 20 ya taka. Risasi ikifika miligramu 5 kwa lita, taka huitwa hatarishi; lakini ili ifukiwe, sharti ishuke hadi 0.75. Kuizimua kwa mchanga ili ifaulu kumekatazwa, na ni haki, kwani sumu hubaki ileile.

Nchini Kongo msingi ni Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 kuhusu mazingira. Mkataba wa Bamako wa 1991 nao unakataza kuingiza Afrika taka hatarishi kutoka nje ya bara. Kati ya nchi wanachama, shehena haivuki bila idhini ya maandishi ya nchi inayoipokea. Msimamizi wa mpakani asiridhike na karatasi isiyotaja kilichomo.

Mfanyakazi anayeombwa kutia sahihi kabla ya majibu ya maabara anapaswa kukataa, na kuandika sababu katika daftari la zamu. Sampuli ya kila shehena ihifadhiwe, ikiwa na tarehe, saa na jina la aliyeichota. Mwenye kisima chini ya shimo la taka atakapouliza kilichofukiwa jirani naye, awepo wa kumjibu kwa ushahidi.