Je, Anayemwamini Mungu Ndiye Mwaminifu?



Swali la leo limetoka jumuiyani. Dada mmoja anayeuza duka hapa Mwanza mjini alitueleza kwamba bosi wake akitaka kuajiri mtu haulizi kabisa anasali wapi. Anasema ameshaibiwa na wenye rozari shingoni, ameshaibiwa na wasio nayo, na hasara ilikuwa ileile. Basi dada akatuuliza: "Sasa hii imani yetu inabadilisha nini?" Tulicheka kidogo, halafu tukanyamaza. Mimi nilinyamaza kuliko wote, na sababu yake nitaieleza hapa chini.

Kwanza tuangalie maneno yenyewe. Kiswahili chetu kimeliweka jambo hili wazi kuliko tunavyofikiri. Imani, amini, muumini, mwaminifu, amana, hata amani: yote ni ukoo mmoja, tuliyapata kutoka Kiarabu. Na ile "Amina" tunayoitikia kila siku ni neno la Kiebrania, lakini nalo ni ndugu wa hayo hayo. Ndani yake mna wazo la kitu imara, kitu unachoweza kukiegemea kisianguke. Kwa hiyo lugha inasema kwamba muumini anapaswa kuwa mtu wa kuegemewa. Sawa. Lakini je, ndivyo tulivyo?

Sasa nieleze nilinyamaza kwa nini. Miaka michache iliyopita nilikuwa mweka hazina wa vijana. Tulikuwa tunachanga kwa ajili ya hija ya Namugongo, ile ya tarehe 3 Juni, na michango ilikuwa inaingia kwenye laini yangu ya simu. Wakati huohuo nilikuwa nahangaika na biashara ya dagaa pale mwaloni Kirumba. Mtaji ukapungua. Nikachukua shilingi 60,000 za hija, nikajiambia Ijumaa zitakuwa zimerudi. Sikuita wizi. Niliita "kuzungusha". (Vijana wa mwaloni wananielewa, neno hili limeharibu watu wengi.)

Kulikuwa na mzee mmoja Msukuma niliyekuwa nachukua dagaa kwake. Hajabatizwa, si Mkristo wala Mwislamu, na akisikia kengele ya kanisa huwa anatania kwamba hiyo ni saa yake ya kunywa chai. Siku hiyo nilikuwa namdaiwa shilingi 12,500. Nikamtumia kwa simu, na kwa haraka zangu nikaongeza sifuri: zikaenda 125,000. Yaani hela ya hija ikaingia kwa mzee, na mimi hata sikujua. Kabla sijafika nyumbani simu ikaita. "Kijana, rudi. Umeniletea hela ambayo siyo ya dagaa." Nikarudi nikimkuta amekaa juu ya debe, akanirudishia zote 112,500, hakutaka hata ya soda. Nikamuuliza kwa nini asingenyamaza tu. Akajibu kwamba baba yake aliuza samaki kwenye mwalo huu huu, na watu mpaka leo wanamwita kwa jina la baba yake.

Basi nikaondoka pale nikiwa na hela mkononi na aibu moyoni. Asiye na dini alilinda hela ya hija kutoka kwa mwenye dini.

Ndiyo maana nasema tusijibu swali la dada yule harakaharaka kwa kusema, "Bila Mungu hakuna maadili." Mtume Paulo mwenyewe hasemi hivyo. Katika sura ya pili ya Waraka kwa Warumi anaeleza kwamba hata watu wasio na Sheria ya Musa huwa wanatenda yale ambayo Sheria inadai, kwa sababu Mungu ameyaandika mioyoni mwao, na dhamiri yao inawashuhudia. Uaminifu wa mzee wangu wa mwaloni haukuanguka kutoka hewani. Sisi tunakiri kwamba aliyeuandika ni Mungu yuleyule, ingawa mzee hamtaji.

Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unasema jambo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza lilinichoma: kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu katika kuwafanya watu wasimwamini Mungu, pale maisha yao yanapouficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Mtume Yakobo naye ni mkali zaidi. Anatukumbusha kwamba hata pepo wanaamini kuwa Mungu yupo, na wanatetemeka. Kwa hiyo kujua tu kwamba Mungu yupo hakumtengenezi mtu. Kama kungemtengeneza, sisi wa kandokando ya Ziwa tungekuwa tumeshatengenezeka zamani.

Tazama ziwa letu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430 hivi. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, maskini wetu, hawakuwa na orodha yoyote. Ndiyo sababu hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makisio, mamia kwa mamia, na pale Igoma wamelala wengi ambao makaburi yao hayana majina. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kwa ajili ya watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Sitaki kuhukumu marehemu wala walio hai. Nauliza tu. Katika nchi hii karibu kila mtu ana kanisa au msikiti. Kati ya tiketi ya mia na moja na tiketi ya mia mbili na kitu kuna mikono mingi imepita: anayeuza, anayehesabu, anayeruhusu kung'oa nanga, na sisi abiria tunaosukumana tupande hivyohivyo kwa sababu siku ya gulio imeisha na nyumbani tunasubiriwa. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuua. Kila mmoja aliongeza kidogo tu. Yesu katika Injili ya Luka, sura ya 16, anafungamanisha uaminifu katika jambo dogo na uaminifu katika jambo kubwa, na sisi tunalisoma kama fumbo zuri la madhabahuni, kumbe ni hesabu ya kivuko.

Sasa turudi kwenye swali: imani inaongeza nini basi? Fungua Kitabu cha Mwanzo sura ya 39. Yosefu ni kijana, mtumwa, yuko nchi ya ugenini, mbali na baba yake. Hakuna jumuiya, hakuna paroko, hakuna wa kumsema. Potifa amemwachia nyumba yote na hana habari na chochote isipokuwa chakula anachokula. Mke wa Potifa anamtaka. Angalia jinsi Yosefu anavyojibu. Anaanza na bwana wake: ameniamini, ameniachia kila kitu. Halafu ndipo anamfikia Mungu: nitawezaje kumkosea? Mimi zamani nilidhani hizo ni sababu mbili. Siku hizi naona ni moja. Amana ya Potifa, mtu asiyemjua Mungu wa Yakobo, Yosefu aliishika kana kwamba Mungu ndiye aliyeiweka mkononi mwake. Na malipo yake? Gerezani. Kwa hiyo anayekuambia kuwa mwaminifu huleta baraka za fedha papo hapo, mwambie asome sura hiyo hadi mwisho.

Narudi kwangu. Ile Ijumaa haikufika vizuri. Mvua ilinyesha dagaa wakiwa bado chini wameanikwa, wakaoza, nikauza kwa hasara kama chakula cha kuku. Zile 60,000 hazikurudi, na malipo ya awali ya basi yalikuwa yanatakiwa. Nilienda kuungama. Padre alinisikiliza, akanipa malipizi, akaniambia hela ya watu lazima irudi kwa wenyewe. Hilo nililitegemea. Sikutegemea alivyoniuliza baada ya hapo: "Na wao, utawaacha waendelee kukuamini kwa kitu ambacho hakipo?" Hakunilazimisha. Jumapili ile baada ya Misa nikasimama mbele ya vijana, nikasema. Wengine walinisamehe palepale. Mmoja hakunisalimia karibu mwaka mzima, na simlaumu. Daftari likachukuliwa. Nililipa kwa miezi minne, na nafasi yangu kwenye basi nikampa mwingine.

Ndivyo nilivyokosa Namugongo. Tarehe 3 Juni nikapanda daladala kwenda Bukumbi, upande wa Misungwi, kwa kuwa nilikuwa nimesikia tu kwamba mashahidi wa Uganda wana jambo na pale. Kumbe ni jambo kubwa, na vijana wengi wa Mwanza hatulijui.

Wamisionari wa Afrika, tunaowaita White Fathers, walifika Kageye, upande wa Magu, mwishoni mwa 1878. Kutoka huku kwetu Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakatua Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Wakafundisha, wakabatiza. Lakini Novemba 1882, hali ya Buganda ilipokuwa ya hatari, waliondoka wote, wakarudi kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi. Walikaa huku hadi Julai 1885.

Hebu fikiria hiyo miaka mitatu kasoro. Kule ng'ambo wamebaki vijana wachache waliobatizwa juzi tu. Hakuna padre. Hakuna Misa, hakuna kitubio. Ingekuwa imani yao ni ya kuonekana na mapadre, ingekwisha wiki ya pili. Badala yake walikusanyika, wakafundishana, idadi ikaongezeka. Aliyewaongoza zaidi alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa ikulu, aliyebatizwa Aprili 1882, miezi saba tu kabla ya mapadre kuondoka. Kabaka Muteesa alimwamini hata akauguzwa naye. Muteesa alipofariki mwaka 1884, mwanaye Mwanga alimweka Mukasa karibu vilevile.

Ni hapa ninapotaka tukae kidogo. Mukasa alikuwa mwaminifu kwa mfalme, na hakuna aliyebisha. Lakini Mwanga alipoamuru Askofu Hannington wa Kianglikana auawe, Oktoba 1885, Mukasa alimwambia mfalme usoni kwamba amekosea kumuua mtu bila kumsikiliza. Tena mtu wa dhehebu jingine! Na alikuwa akiwakinga watumishi wadogo wasitumiwe vibaya na mfalme. Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa. Kabla ya kufa alimpa mwuaji ujumbe ampelekee Mwanga: kwamba anamsamehe kwa kumhukumu bila haki, na kwamba atubu. Usiku uleule Karoli Lwanga akabatizwa na kushika nafasi ya kuwaangalia vijana wa ikulu, hadi na yeye alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Hawa walishtakiwa kwamba si waaminifu kwa Kabaka. Mimi naona hakuwa na waaminifu kuliko wao. Wangapi pale ikuluni walimwambia ukweli? Mzee wangu wa mwaloni ni mwaminifu kwa sababu ya jina la baba yake, na ni jambo la heshima. Lakini jina la baba linatosha hadi siku ambayo baba mwenyewe, au bosi, au mfalme, anapokuagiza ubaya. Siku hiyo unahitaji kuwa na mtu mwingine wa kumjibu, aliye juu ya huyo. Nadhani hapo ndipo imani inapoongeza kitu ambacho sikukiona kwa kuhesabu nani kaiba na nani hajaiba. Na inaongeza kingine: mahali pa kurudi ukishaanguka. Mimi bila kile chumba cha kitubio ningeendelea kuzungusha.

Nilimweleza haya dada yetu wa dukani. Akasikiliza, kisha akasema jambo ambalo hakulisema siku ile mbele ya watu: bosi wake humwagiza asitoe risiti kwa wateja wasioiomba, ili kodi ipungue. Huyohuyo bosi anayetafuta wafanyakazi waaminifu. Dada ana mtoto na kodi ya nyumba, na hataki kumwibia bosi wala kumwibia Serikali. Hajaamua. Ameomba tumsaidie kufikiri, na ametupa ruhusa tulizungumze bila kumtaja.

Kwa hiyo wiki hii, kwenye jumuiya yako, someni Mwanzo 39 taratibu, aya ya kwanza hadi ya mwisho, halafu mjiweke mahali pake: Jumatatu asubuhi, mteja amelipa, anageuka kuondoka, na bosi amekaa pale kwenye kiti cha nyuma anatazama. Andikeni mngemwambia bosi maneno gani, kwa heshima gani, na nani kati yenu angekuwa tayari kumsaidia dada kodi ya mwezi huo kama angefukuzwa.