MASDARI KATIKA LUGHA YETU

Ndugu zetu wa darasa wametuuliza: "Je, Kiswahili nacho kina masdari?" Twawajibu: kinayo, na kila aliyezaliwa Amu huitumia tangu utotoni pasi na kuijua jina lake.

Masdari ni jina la kitendo lisilofungwa na wakati. Waarabu kutokana na "kataba", yaani aliandika, hupata "kitaba", yaani kuandika. Masdari yetu huanza kwa "ku": kusoma, kulipa, na kuja, ambako sisi wa Amu husema "kuya".

Dalili ya kuwa ni jina ni kufuatwa kwake na maneno kama yafuatavyo majina: "Kuya kwake kumetufurahisha." Na dalili ya kuwa haikuacha asili yake ya kitendo ni kuwa hushika kitendwa, kama "kusoma Kurani", na hukanushwa, kama "kutosoma". Masdari ya Kiarabu nayo hushika kitendwa chake vivyo hivyo.

Lakini hapa pana mahali pa kuteleza. Wanafunzi wa nahau hufunzwa kuwa "dharbu Zaydin" ina maana mbili: huenda Zaidi ndiye aliyepiga, na huenda ndiye aliyepigwa. Kiswahili chetu hakikubali fumbo hilo. Ukisema "kupiga kwa Zaidi", yeye ndiye mpigaji. Ukisema "kumpiga Zaidi", au "kupigwa kwa Zaidi", fimbo imemwangukia yeye. Basi mwenye kufasiri hana budi kutazama maneno yaliyotangulia na yanayofuata, amjue mtendaji, ndipo afumbue kinywa.

Wala msidhani haya ni mchezo wa vyuoni. Wasia ukiandikwa "kulipa kwa Ali", Ali ndiye mwenye deni. Ukiandikwa "kumlipa Ali", Ali ndiye mwenye kudai. Mfasiri akikosea hapo, mali ya mayatima huenda kwa asiyestahiki, naye hatapata udhuru kwa kusema kuwa Kiswahili hakina kanuni. Kanuni tunazo, tulilokosa ni kuzichungua.

Basi lifanyeni zoezi hili baada ya Isha: "ikramu alwalidi". Lifasirini kwa njia mbili, moja mzazi awe ndiye mwenye kukirimu, na ya pili awe ndiye mwenye kukirimiwa. Kisha kila mmoja aieleze nafsi yake ni ipi kati ya hizo iliyo wajibu wake leo nyumbani kwake.

Wabillahi taufiki.