Hiyo Sadaka ni ya Nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kimara. Mwaka huu jumuiya yetu imenichagua niratibu safari ya kwenda kituo cha watoto yatima tarehe 24 Desemba. Tumepanga kupeleka mchele, mafuta ya kula, sabuni na madaftari, na kina mama tumeshona sare ya kitenge. Kazi ni ngumu, maana watu ni wepesi wa kuahidi na wazito wa kutoa. Ili kuwaamsha wengine, ilibidi familia yetu itangulize laki moja na nusu.

Shida yangu iko nyumbani. Dada wetu wa kazi, tunaye mwaka wa pili sasa, ameomba kwenda kwao Mpwapwa kula Krismasi. Mwaka jana hakwenda. Lakini safari hii mama mkwe anakuja kutoka Moshi na shemeji zangu na watoto wao, jumla watu kumi na mmoja, na mama mkwe mwenyewe miguu inamsumbua. Nilimwambia dada asubiri Januari, wageni wakishaondoka. Akanyamaza, na tangu siku ile amenuna. Masufuria yanabamizwa jikoni. Mume wangu anasema tukimruhusu harudi, kama walivyofanya waliomtangulia.

Mshahara wake tangu Oktoba ninamtunzia mimi ili asiuchezee. Ni kweli mchango wetu wa jumuiya niliutoa humo, ila nitaurudisha Januari, na yeye hajui.

Shangazi, nimweleze vipi binti huyu, kwa upendo, kwamba Krismasi ni kipindi cha kujitoa kwa ajili ya wengine?

Mratibu, Kimara

*

Marahaba, mwanangu.

Swali umeliweka mwisho wa barua, lakini jibu lake umeliandika mwenyewe mstari mmoja juu yake, pale uliposema “yeye hajui”.

Ile laki moja na nusu si ya familia yenu. Kwenye daftari la jumuiya limeandikwa jina lenu, ila mtoaji ni binti wa Mpwapwa, naye hakuulizwa. Kwa hiyo usihangaike kumfundisha kujitoa. Ukipima kwa kipato cha kila mmoja, sidhani kama kuna mtu katika jumuiya yenu aliyetoa kumshinda yeye.

Sikuiti mwizi. Najua Desemba ya Dar es Salaam ilivyo: ada za Januari zinachungulia mlangoni, kitenge cha sare, viatu vya watoto, kreti za soda, na jumuiya nayo inataka mratibu awe wa kwanza kutoa. Fedha iliyolala kabatini hushawishi. Lakini kumtunzia mtu mshahara kuna masharti yake. Kama yeye ndiye aliyekuomba umwekee, iandikwe, na siku anayoitaka aikute kamili. Kama ni wewe uliyeamua kwa sababu unaona ataichezea, basi mpe aichezee. Ameifanyia kazi.

Sasa tuje kwenye imani, maana umeniandikia kama Mkristo na nitakujibu kama Mkristo. Ukitaka kujua Majilio yanadai nini, fungua Luka sura ya 3. Katika mwaka C wa liturujia ndiyo injili inayosomwa Jumapili ya tatu ya Majilio. Watu wanamwendea Yohane Mbatizaji wakimuuliza wafanye nini. Umati anauambia ugawane nguo na chakula na wasio navyo, na hapo ndipo mahubiri yetu ya Desemba huwa yanaishia. Ila foleni iliendelea. Wakaja watoza ushuru: akawaambia wasidai zaidi ya walichopangiwa. Wakaja askari: wasimnyang'anye mtu, waridhike na mishahara yao. Hakuwatuma watoza ushuru kutembelea yatima. Aliwarudisha kwenye meza zao za kazi, pale pale walipokuwa wakiumiza watu kila siku, akataka toba yao ionekane hapo.

Wewe pia una meza yako ya kazi, nayo ni jiko lako, maana hapo ndipo ulipo mwajiri. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka kibarua maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijatua. Yakobo, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe hadi kwa Mungu. Hayo masufuria yanayobamizwa, mwanangu, nisingeyaita kununa.

Na kama Maandiko hayatoshi, serikali nayo imesema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka, na haimwachi nje anayefanya kazi nyumbani kwa mtu. Akifanya kazi siku ya sikukuu ya serikali, saa hizo analipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Krismasi ni sikukuu ya serikali, na tarehe 26 pia. Mwaka jana alipowapikia siku hizo, mlimlipa hivyo? Nauliza tu.

Kuhusu mume wako: huenda amesema kweli. Wengi wakienda kwao Desemba hawarudi, na Januari magrupu ya WhatsApp hujaa kina mama wanaotafuta dada. Lakini kumshikia mtu mshahara ili asiondoke ni kumweka rehani. Mwache aende akiwa na haki yake yote mkononi, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi. Asiporudi, mtakuwa mmempoteza mfanyakazi. Hilo linauma, lakini halina dhambi ndani yake.

Tena, kama waliomtangulia nao waliondoka wasirudi, ningekuwa wewe ningejiuliza walikuwa wanakimbia nini.

Safari ya kituo usiifute. Watoto wale wanahitaji mchele, na wewe una kipaji cha kukusanya watu. Ila kabla hamjanunua kitu, mpigie simu mlezi wa kituo umuulize wanapungukiwa nini. Vituo vingi hupata wageni wengi Desemba, sabuni zikarundikana, kisha Februari hakuna anayebisha hodi, na ada, dawa na bili ya umeme havina sikukuu. Jumuiya ikikubali kugawa mchango, nusu sasa na nusu mwezi wa tatu, mtakuwa mmefanya la maana kuliko kitenge cha sare. (Kitenge mmeshakishona, kivaeni.) Picha pigeni za magunia, nyuso za watoto ziacheni. Hakuna mtoto anayependa kukua akiwa kwenye simu za watu kama yatima waliyemletea sabuni.

Jumuiya waambie ukweli mfupi: mchango wenu ulitangulizwa kwa fedha isiyokuwa yenu, hivyo mnaupunguza hadi pale mnapoweza. Utaona aibu kwa dakika chache. Ukitoa elfu ishirini iliyo yako, sioni ubaya wowote; mjane aliyesifiwa hekaluni alitoa senti mbili tu. Na mchango mdogo wa mratibu huenda ukawaamsha hao wazito kuliko laki moja na nusu iliyowatisha.

Tarehe 26, wengi mtakapokuwa ufukweni mkila mishikaki, Kanisa linamkumbuka Stefano. Tunamkumbuka kwa mawe aliyopigwa, tunasahau alivyoanza. Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza kwamba wajane wa upande mmoja walikuwa wakirukwa katika mgawo wa kila siku. Wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia wasinung'unike, wakati ule ni wa kujitoa. Waliagiza wachaguliwe watu saba wasimamie mgawo uwe wa haki, na Stefano alikuwa mmoja wao.

Basi leo jioni, watoto wakishalala, mketishe dada sebuleni, kwenye kochi, si mlangoni. Mume wako awepo. Mhesabieni mshahara wake wote tangu Oktoba. Kama fedha haitoshi, kopeni kwa watu wenu, siyo kwake. Mwambie mlichofanya bila kukizungushia maneno, mwombe radhi, na usimwombe akusamehe papo hapo kwa sababu wageni wako njiani. Kisha umuulize anataka kusafiri tarehe ngapi. Ama basi kutoka Mbezi, ama treni ya SGR hadi Dodoma na kuunganisha, lakini tiketi ikatwe wiki hii. Desemba haingoji mtu.

Na hao kumi na mmoja wa Moshi? Shemeji zako wana mikono, gawa zamu za jiko kabla hawajapanda basi. Nyama ya pilau watakata vijana. Mama mkwe mwambie mapema kwamba mwaka huu chai ya asubuhi atachemshiwa na mwanawe mwenyewe, na mume wako aanze mazoezi kesho.

Shangazi