Ngozi Nyembamba ya Nikeli

Likizo moja niliona vitone vya kutu juu ya usukani wa baiskeli ya baba. Nikatwaa msasa, nikasugua mpaka vikatoweka, nami nikajisifu kwa kazi yangu. Niliporudi likizo ya pili, mahali pale pote pameliwa na kutu. Baba hakunikaripia, aliuliza tu, "Huko shuleni mwafundishwa nini?" Makala haya ndiyo jibu langu.

Usukani ule ni chuma kilichovikwa nikeli. Nikeli ni madini meupe yenye umanjano kidogo. Axel Fredrik Cronstedt, mtu wa Uswidi, aliitambua mwaka 1751. Haiyeyuki ila kwa joto la digrii 1455 za Selsiasi, hushikwa na sumaku, wala hailiwi upesi na hewa na maji.

Kuivika ni hivi. Chuma husafishwa mafuta na kutu yote, kisha hutiwa katika maji yenye chumvi ya nikeli. Hufungwa upande wa hasi wa umeme, na kipande cha nikeli upande wa chanya. Umeme upitapo, nikeli huhama kidogo kidogo na kushikamana na chuma. Kwa kawaida ngozi hiyo ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Juu yake mara nyingi huongezwa kromi, nyembamba zaidi, ili mng'ao usififie. Hata ndani ya kompyuta, nikeli huwekwa kati ya shaba na dhahabu kwenye viungo vya umeme, ili shaba isipenye.

Sasa kosa langu. Bati la nyumba limevikwa zinki. Likikwaruzwa kidogo, zinki huliwa kwanza na chuma hupona. Nikeli sivyo. Penye tundu na unyevu, chuma ndicho kiliwacho, tena upesi kuliko kingekuwa peke yake, hali nikeli iliyokizunguka yabaki nzima. Basi nikeli hulinda kama ukuta usio na ufa, nami kwa msasa wangu niliupanua ufa.

Ndugu zangu, vyuma hivi tuvifute kwa kitambaa laini, tuvikaushe baada ya mvua, tuvipake mafuta kidogo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Usukani wa baba sasa umepakwa rangi nyeusi, na kila niuonapo nakumbuka somo hili.