Kitanda au Kiti: Namna ya Kuchagua Daraja katika Meli ya Usiku

Mkazi wa Ibadakuli anayekwenda Bukoba ana njia mbili za kawaida. Anaweza kupanda basi na kuzunguka ziwa kwa barabara, safari iliyopungua usumbufu tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kivuko. Au anaweza kwenda Mwanza, kushuka Nyegezi, kuelekea Bandari ya Mwanza Kaskazini na kupanda meli ya usiku, ambayo humfikisha Bukoba asubuhi baada ya kupitia Kemondo. Somo hili linamhusu anayechagua njia ya pili. Kwenye dirisha la tiketi ataulizwa, "Daraja gani?" Wengi hujibu kwa kutazama bei peke yake, na hapo ndipo malalamiko mengi huanzia.

Unanunua nini hasa?

Wasomaji wetu wanaosafiri kwa treni kutoka stesheni ya Shinyanga wanafahamu tofauti kati ya daraja la pili kulala na daraja la pili kukaa. Mpangilio wa meli hauko mbali na huo. MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kurejeshwa majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, hubeba abiria wa kulala na abiria wa kukaa. Meli mpya ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imeundwa kubeba abiria 1,200 nayo pia imegawanywa kwa madaraja. Kwa kawaida chumba cha daraja la kwanza huwa na vitanda vichache, mara nyingi viwili. Cha daraja la pili kulala huwa na vitanda vinne au zaidi, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Daraja la pili kukaa ni viti, na daraja la tatu ni viti au mabenchi katika ukumbi wenye watu wengi na mizigo ya mkononi.

Jambo ambalo abiria wageni hawalitarajii ni kwamba tiketi ya kulala humpa mtu kitanda. Haimpi chumba. Ukisafiri peke yako utalala na usiowafahamu, wa jinsia yako. Mume na mke wanaotaka kuwa pamoja hawana budi kulipia vitanda vyote vya chumba kimoja, au kukubali kutengana hadi asubuhi. Uliza jambo hili kabla ya kulipa, kwa sababu baada ya meli kung'oa nanga mhudumu hana chumba cha ziada cha kukupatia.

Bei kubwa haimaanishi kitanda kinachokufaa

Abiria mmoja kutoka Ibadakuli alitueleza safari ya mama mkwe wake, aliyekuwa akienda msibani Kagera. Familia ilichanga ili bibi huyo, mwenye maumivu ya magoti, asafiri daraja la kwanza. Tiketi ilikatwa na kijana wa nyumbani, ambaye hakuuliza chochote zaidi ya nauli. Bibi alipofika alikuta chumba kiko juu ya ngazi mbili zenye mwinuko mkali, na kitanda chake ni cha juu. Aliyelala chini alikuwa naye mgonjwa, hivyo haikuwezekana kubadilishana. Bibi alikaa kwenye kiti cha ukumbini usiku kucha, akiwa na tiketi ya daraja la kwanza mkobani.

Hakuna aliyemdanganya. Alipewa daraja alilolipia. Kilichokosekana ni maswali mawili: kitanda ni cha chini au cha juu, na kuna ngazi ngapi hadi chumbani? Kwa mzee, mjamzito, mwenye ulemavu au mama mwenye mtoto mchanga, majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko jina la daraja. Kitanda cha chini katika daraja la pili kingemfaa bibi yule zaidi, na fedha iliyobaki ingeingia kwenye rambirambi.

Mahali pa chumba ndani ya meli nako kuna uzito wake. Meli hupanda na kushuka zaidi katika ncha zake, yaani omo na tezi, na huyumba zaidi kadiri unavyopanda sitaha za juu. Anayesumbuliwa na kichefuchefu atafute nafasi ya katikati, karibu na usawa wa maji. Huko chini, hata hivyo, kuna joto na mngurumo wa injini, hasa upande wa tezi. Hakuna chumba kisicho na kasoro. Kuna kasoro unayoweza kuivumilia. Kwenye meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Zanzibar, wapo wanaolipa fedha nyingi kwa ajili ya roshani, na wapo wanaochagua makusudi chumba cha ndani kisicho na dirisha kwa kuwa wao hulala tu. Katika safari yetu ya usiku mmoja, ambapo dirisha huonyesha giza, tunaona hao wa pili wana hoja.

Tusisahau hali ya hewa. Dhoruba za Ziwa Victoria hutokea zaidi usiku na alfajiri, wakati upepo kutoka nchi kavu za pande zote unapokutana juu ya maji ambayo bado yana joto. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuondoka.

Je, kiti kinatosha? Kwa kijana mwenye afya, aliyebeba koti na shuka, kinatosha kabisa, na hatuoni sababu ya kumwonea haya mtu wa daraja la tatu. Lakini fanya hesabu ya safari nzima. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu: ikiwa tofauti ya nauli kati ya kiti na kitanda ni shilingi 20,000, na wewe ukifika Bukoba bila kulala utalazimika kupanga chumba cha gesti kwa shilingi 15,000 ili upumzike hadi mchana, basi uliokoa shilingi 5,000 na kupoteza nusu siku ya biashara. Mfanyabiashara wa mchele anayetaka kuwahi soko la asubuhi asiifanye hesabu hiyo akiwa tayari kwenye foleni.

Kisichouzwa kwa daraja

Usalama hauna daraja. Jaketi okozi ni haki ya kila aliyemo melini, mtoto na mtu mzima. Ukiingia chumbani tafuta lilipo, kisha tembea mara moja kutoka kitandani hadi sitaha ya wazi ili ujue njia hata taa zikizimika. Aliyelala chumba cha chini ana njia ndefu kuliko aliyeketi ukumbini, naye ndiye anayepaswa kuifahamu zaidi.

Haki ya pili ni jina lako kuandikwa. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo, watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Meli ile ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya majina ya abiria wa madaraja ya juu ilikuwapo. Waliosafiri daraja la tatu hawakuorodheshwa. Kuna familia zilizobaki bila karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba ndugu yao alipanda. Kwa hiyo, hata ukinunua tiketi ya bei ya chini kabisa, toa kitambulisho, hakikisha jina lililoandikwa ni lako, na usinunue kwa mlanguzi getini wala kutumia tiketi yenye jina la mwingine. Ukiambiwa "ingia tu, utalipia ndani", usipande.

Kabla ya kuondoka dirishani soma tiketi: jina, tarehe, daraja, namba ya kitanda au kiti. Uliza pia kiasi cha mizigo kilichomo ndani ya nauli, na utarejeshewa nini safari ikiahirishwa. Ukipewa daraja pungufu ya ulilolipia, mweleze mhudumu mkuu melini usiku uleule na uombe aandike. Piga picha kitanda au kiti ulichopewa, tunza kipande cha tiketi, kisha wasilisha lalamiko kwa maandishi kwenye kampuni ya meli. Usiporidhika na majibu, lipeleke kwa mdhibiti wa usafiri wa majini, TASAC, pamoja na nakala ya tiketi hiyo na majibu uliyopewa.